Hans Cory: Mkusanyaji aliyethamini vilivyotupwa

WAKUSANYAJI wengi wa kazi za mikono za Kiafrika enzi za ukoloni walitafuta vitu vilivyokuwa na soko Ulaya, kama vinyago vya miti, viti vya watawala na pembe za ndovu. Hans Cory atakumbukwa zaidi kwa vitu ambavyo wengine hawakuvipa thamani yoyote.

Cory alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1888, akiitwa Hans Koritschoner. Alifika Afrika Mashariki wakati nchi ikiwa chini ya Wajerumani na baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, akawa mtaalamu wa elimu ya jamii wa Serikali ya Tanganyika. Kazi hiyo ilimfikisha Mwanza na katika vijiji vya Usukuma, ambako aliandika habari za watemi, ndoa, mifugo na urithi.

Miongoni mwa vitu alivyokusanya ni sanamu ndogo za udongo zilizotumika katika jando na unyago kwa makabila kama Wazigua na Wasambaa. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na fundisho lake, na sherehe ilipokwisha sanamu hizo hazikuhifadhiwa. Machoni pa mnunuzi wa sanaa zilikuwa vitu duni, lakini Cory aliona kwamba sanamu bila wimbo wake ni bonge la udongo tu, hivyo akaandika vyote pamoja. Kitabu chake kuhusu sanamu hizo kilichapishwa London mwaka 1956.

Usukuma alivutiwa na michoro iliyochorwa ukutani, ndani ya nyumba za Bayeye, chama cha wacheza nyoka. Michoro hiyo ilikuwa ya wanachama pekee, na nyumba ilipobomoka nayo ilipotea. Kitabu chake cha mwaka 1953 kilihifadhi sehemu ya kumbukumbu hiyo.

Hata hivyo, kazi hiyo ina upande wa pili. Mafundisho ya jando na michoro ya Bayeye yalikuwa siri ya waliopitia mafunzo. Kuyachapisha kuliyaokoa yasisahauliwe, lakini kuliyaweka pia mbele ya macho ambayo hayakukusudiwa kuyaona. Aidha, aliyekuwa akiuliza maswali hayo alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni.

Uzito wa suala hilo ulionekana zaidi katika sheria. Mwaka 1945 Cory, akishirikiana na M. M. Hartnoll, alichapisha kitabu cha sheria za mila za Wahaya. Mwaka 1953 kikafuata cha sheria na desturi za Wasukuma. Baada ya Uhuru aliongoza kazi ya kuoanisha sheria za mila nchini, lakini alifariki dunia mwaka 1962 kabla haijakamilika. Mwaka uliofuata serikali ilitoa Tamko la Sheria za Mila.

Mila iliyokuwa ikijadiliwa na kubadilishwa barazani sasa ilikuwa imegandishwa katika maandishi, yakiwamo masharti yaliyombana mwanamke katika urithi wa ardhi ya ukoo.

Mwaka 1990 masharti hayo yalipimwa katika Mahakama Kuu mjini Mwanza. Mwanamke wa Kihaya alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, na ndugu wa ukoo akataka mauzo hayo yabatilishwe. Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi.

Nje kidogo ya Jiji la Mwanza, huko Bujora, Kisesa, yapo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement kutoka Kanada. Humo ngoma, viti na zana za watemi zimebaki katika ardhi ya wenyewe, na Msukuma anaweza kuzieleza kwa lugha yake.

Maandishi ya Cory yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa mtafiti wa Usukuma ni hazina, alimradi akumbuke kwamba kila ukurasa ulipita kwanza katika mikono ya mtu mmoja, aliyechagua kipi kiandikwe na kipi kiachwe.