Atiman wa Karema, mtumwa aliyekuwa daktari wa ziwa

Ukisimama Bangwe, pale ambapo nchi kavu inaingia ziwani na kuifunga Ghuba ya Kigoma kwa upande wa kusini, unaona kila chombo kinachotoka mjini kwenda kusini. MV Liemba ilipokuwa ikifanya safari zake ilipita hapo, ikaiacha Ujiji kushoto, ikapita chini ya Milima ya Mahale na hatimaye kufika Karema. Wengi wetu huku Kigoma tunaijua Karema kwa mizigo, na siku hizi kwa bandari yake mpya katika Mkoa wa Katavi. Leo tunawaletea habari za mtu aliyeishi huko miaka 67, ambaye zamani jina lake lilijulikana sana mwambao huu wa ziwa, lakini vijana wengi hawajawahi kulisikia. Anaitwa Adrien Atiman.

Hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, kwenye bonde la Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alikuwa bado mtoto mdogo alipoibwa na kuuzwa. Wafanyabiashara walimvusha Jangwa la Sahara hadi upande wa Algeria, na huko katika miaka ya 1870 akakombolewa na wamisionari wa Kikatoliki wa shirika ambalo wazee wetu waliliita White Fathers, wengine wakasema Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Kukombolewa maana yake ni kwamba walitoa fedha, wakamnunua, wakamwacha huru. Wazazi wake hakuwaona tena.

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Charles Lavigerie wa Algiers, aliyekuja kuwa kadinali. Lavigerie alikuwa na hesabu zake. Wazungu aliowatuma Afrika ya kati walikuwa wakifa kwa homa, na kundi lake la kwanza, lililofika Ujiji Januari 1879, lilikuwa limempoteza kiongozi wake njiani. Akaona ni heri kuwasomesha utabibu vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, kisha wawe makatekista na matabibu kwa pamoja, waoe, wakae na watu. Mwaka 1881 akafungua chuo katika kisiwa cha Malta. Atiman alibatizwa, akasoma huko, na mwaka 1888 akaanza safari ya kuja kwetu. Mwaka huohuo Lavigerie alikuwa akizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Atiman alifika Karema mwaka 1889.

Karema ya wakati ule ilikuwa ngome. Mbelgiji Kapteni Cambier aliianzisha mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa wamisionari. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa kutoka upande wa Kongo, na Ujiji ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Ndani ya kuta za Karema waliishi watoto waliokombolewa kutoka katika misafara hiyo, na vijana waliokwisha kukua walipewa mashamba wakaanzisha kaya zao karibu na misheni. Basi daktari huyu aliyetoka mbali alijikuta katikati ya watu wa safari moja na yeye. Mtoto aliyeletwa usiku akiwa na vidonda vya kamba hakuwa na haja ya kumweleza mengi.

Sisi katika redio tunazoea kusikia shukrani za namna fulani. Mtu amepona, mtoto amefaulu mtihani, mtumbwi uliopotea na upepo umerudi salama, basi watu wanakwenda kanisani na sadaka ya shukrani, na jamaa wanaimba hadi mchana. Ni jambo jema na hatulidharau. Lakini shukrani ya Atiman ni ngumu zaidi kuieleza, kwa sababu neema yake ilikuja ikiwa imefungwa pamoja na msiba. Kama asingeibwa asingekombolewa. Imani aliyoishika maisha yake yote aliipata mwisho wa njia ambayo hakuna mzazi angemtakia mwanawe aipite.

Tena liko swali ambalo msikilizaji mkali angetuuliza, na ana haki. Mtu aliyenunuliwa kwa fedha, akalishwa, akasomeshwa, kisha akaambiwa nenda Tanganyika, je, alishukuru au alilipa deni? Hatudhani swali hili linafutika kwa maneno mazuri. Lavigerie ndiye aliyempangia shule, kazi, na nchi ya kuishi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, asiye na ukoo wa kurudia, angeweza kukataa kwa kiasi gani?

Tunachoweza kukitazama ni miaka iliyofuata. Lavigerie alifariki mwaka 1892. Mjerumani akatawala, akaondoka. Mwingereza akaja. Wenzake Atiman wa Malta walitumwa katika vituo mbalimbali, na yeye ndiye aliyedumu kuliko wote. Kama lilikuwa deni, wadai wake walikwisha kufa zamani, naye bado alikuwa Karema akifungua kitambaa cha kidonda. Kwa maoni yetu hapo ndipo neno deni linapoanza kupwaya.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kila siku. Malaria, vidonda, ndui, na mwanzoni mwa karne ya 20 malale, ugonjwa uliotikisa sana vijiji vya mwambao. Atiman alitumia dawa za Kizungu alizojifunza, lakini hakuishia hapo. Alijifunza pia miti na mizizi ya waganga wa hapa, akaiongeza katika dawa zake. Tunalipenda sana jambo hili, maana lilikuwa nadra kwa mtu wa misheni wa enzi ile kukiri kwamba wenyeji nao wanajua kitu. Na pamoja na tiba alifundisha katekisimu. Hakuwa padre.

Alioa Karema, binti wa Kibende aitwaye Agnes Wansahira. Hivyo mgeni kutoka Niger akawa mkwe wa watu wa huku. Mtoto wao, Joseph, alipewa upadre mwaka 1923, miaka sita tu baada ya mapadre wa kwanza wazalendo wa Tanganyika kupadrishwa Bukoba. Fikirini jambo hilo kwa mzee wake: mtu ambaye nasaba yake ilikatwa akiwa mtoto, anapiga magoti mbele ya mwanawe mwenyewe ili apokee baraka.

Uzeeni alisimulia habari za maisha yake, na masimulizi hayo yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kanisa na serikali vilimpa nishani. Hakurudi kuishi Niger. Maji ya ziwa, ambayo yalikuwa karibu na ngome ilipojengwa, yalikuwa yamekwisha kurudi mbali na kuacha tambarare kavu, na mzee bado yupo palepale.

Alifariki Karema mwaka 1956, umri wake ukiwa karibu miaka 90. Jimbo la Karema baadaye lilihamishia makao yake Sumbawanga, na huko ipo hospitali ya Kanisa inayoitwa Dk. Atiman Kristu Mfalme. Wagonjwa hutoka Rukwa na Katavi, wengine wakipanda kutoka vijiji vya ziwani kwa magari ya mizigo. Si kila anayelazwa hapo anajua kwamba jina lililo kwenye kibao cha getini ni la mtoto aliyeibwa kando ya Mto Niger.