Johnson wa Liuli na Vijana Wetu

Kijana wa Umatengo amalizapo masomo yake hukuta milango miwili mbele yake, na mara nyingi yote miwili humfungukia kwa pamoja. Huko Ngaka makaa ya mawe yanachimbwa tangu mwaka 2011, na kazi ya mshahara humwita. Nyumbani iko mibuni ya baba yake, na yuko mchumba anayengoja jibu. Wazee humhimiza, rafiki zake humzuia, naye mwenyewe halali usingizi. Twapenda leo kumwonyesha mtu mmoja aliyesimama mahali kama hapo alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo tu, ambaye kaburi lake li Liuli, ukingoni mwa Ziwa Nyasa.

William Percival Johnson alikuwa padre wa Kianglikana. Huenda msomaji atatuuliza kwa nini gazeti la Wakatoliki lishughulike naye. Jibu letu ni fupi: wengi wetu tuna wakwe Waanglikana. Watu wengi wa milimani walibatizwa na Wabenediktini, walioanzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899; na wengi wa ziwani wakabatizwa na Johnson na wenzake. Mpaka huo haukuwazuia vijana kupendana, wala hautawazuia. Basi yeye aombaye ruhusa ya Askofu kwa ajili ya ndoa ya mseto yafaa ajue imani ya mchumba wake ililetwa na nani, na kwa gharama gani. Atakaa na imani hiyo chini ya dari moja maisha yake yote.

Johnson alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Akafanya mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali ya Kiingereza kule Bara Hindi, akafaulu. Katika siku zile kijana msomi hakuweza kutamani kazi kubwa kuliko hiyo: cheo, mshahara mnono, na mwishoni pensheni. Ndipo Askofu Edward Steere wa Unguja, yule bingwa wa Kiswahili, alipokuwa akitafuta watu wa kwenda naye Afrika. Johnson akaiacha Bara Hindi.

Hapa twaomba vijana watuelewe vema. Hatusemi kwamba kila mwenye mshahara autupe. Johnson aliacha kitu alichokwisha kukipata. Hakukimbia kitu kilichomshinda. Wako wanaoomba kuingia seminari kwa kuwa wamekosa kazi, na wako wanaooa kwa sababu iyo hiyo, kana kwamba mke ni fidia ya kazi iliyokosekana. Hao hawafuati wito wowote, bali wanatafuta maficho, na baada ya miaka mitano wenzi wao ndio walipao deni hilo.

Mwaka 1876 alifika Unguja, na mwaka uo huo akafuatana na Askofu Steere kuwapeleka watu waliokombolewa utumwani mpaka Masasi, akaachwa kuwa mlezi wao. Rafiki yake wa Oxford, Chauncy Maples, akaja naye kumsaidia. Mwaka 1880 Johnson alikwenda Mwembe kwa Mataka, mtawala wa Wayao, lakini hakudumu, akafukuzwa. Mwaka 1882 akalifikia Ziwa Nyasa pamoja na Charles Janson, na Janson akafariki pale pale ukingoni, hata hawajaanza kazi. Baadaye maradhi ya macho yakamshika Johnson mwenyewe, akarudishwa kwao karibu kipofu. Jicho moja likapotea, la pili likabaki na nuru kidogo.

Tungekuwa sisi, pengine tungesema Mungu ameonyesha wazi kwamba njia si hii. Kijana wa leo hukosa nafasi mara mbili akatangaza kuwa amelogwa. Johnson alirudi. Meli iliyopewa jina la Charles Janson ilikwisha kushushwa majini mwaka 1885, na kwa jicho lile moja bovu akasafiri kijiji hata kijiji, akifundisha, akitafsiri. Biblia ya Kinyanja ya watu wa ziwani, iliyotolewa mwaka 1912, ni kazi yake.

Mwaka 1895 Maples, aliyekuwa amewekwa wakfu kuwa Askofu miezi michache tu kabla, alikufa maji katika ziwa lile lile mashua yake ilipopigwa na tufani. Hivyo Johnson akampoteza rafiki wa ujana wake. Meli kubwa iliyoitwa kwa jina la marehemu, Chauncy Maples, iliundwa ili iwe chuo cha walimu na kanisa juu ya maji, nayo ikaanza safari mwaka 1901.

Hakuoa. Kwa desturi ya chama chao cha kimisionari, walifanya kazi bila mshahara na bila ndoa. Lakini tusidhani kwamba alikuwa mtu asiye na upendo. Aliyesafiri naye alijua kwamba alikula walichokula wenyeji na kulala walikolala. Alikuwa na kasoro pia, wala hatuzifichi: hakuutunza mwili wake hata kidogo, na wenzake walitaabika kufuatana na mwendo wake. Katika hilo hatumshauri mtu amwige, hasa baba wa watoto. Mwenye nyumba aliyejiua kwa kazi hakuwatendea wema waliobaki.

Miaka yake ya mwisho aliishi Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lake kubwa lenye umbo la ajabu. Alifariki hapo Oktoba 1928, mwenye umri wa miaka 74, baada ya kukaa Afrika miaka 52. Walimzika pale pale. Kijana wetu ashukapo kutoka milimani kwenda kujulishwa kwa wakwe, wenyeji watamwonyesha kaburi lenyewe.