Munganga aliyetenganisha mchana na usiku wa majani

Sisi wa sendika ya migodi, hapa Kamina, hewa mbaya tunaijua. Mtu anayeshuka ku shimo anaisoma haraka. Lakini hii maneno ya majani kupumua tulikuwa tunaipita tu, mpaka tukakutana na maisha ya Jan Ingenhousz.

Alizaliwa mwaka 1730 ku Breda, Uholanzi. Alisomea uganga ku Leuven, Ubelgiji ya leo, akapata diploma mu 1753. Jina lake lilitoka juu ya ndui: mu 1768 alienda Vienna kuchanja watoto wa Maria Theresa, kwani ugonjwa ule ulikuwa umekwisha kuua watu mu nyumba ile. Kazi ikafaulu, akafanywa munganga wa nyumba ya kifalme, na malipo ya kila mwaka mpaka kufa. Mwingine angekaa kimya akila. Yeye hapana.

Kiangazi cha 1779 alikaa mu nyumba moja inje kidogo ya London, akafanya majaribio zaidi ya 500. Mbele yake Priestley, Mwingereza, aliona kama mmea wa nanaa unasafisha hewa ambayo mshumaa umeharibu. Lakini mara ingine jaribio lilikataa, na sababu haikuonekana. Ingenhousz alitia majani mu maji, akaweka ku jua: vipovu vikapanda. Akaweka mu giza: kimya. Kumbe mwangaza ndio ulikuwa unakosa mu hesabu, na si joto la jua, ni mwangaza wenyewe. Tena, sehemu za kijani tu ndizo zinafanya kazi ile. Usiku jani linaharibu hewa kidogo, kama sisi. Mizizi, maua na matunda vinaiharibu hata mchana.

Basi alitenganisha kazi mbili ambazo watu walichanganya. Majina yalikuja nyuma: usanisinuru, ni kusema kujenga chakula kwa mwanga, na upumuaji, ni kusema kukichoma ili kuishi. Upumuaji haulali, mchana unaendelea, ila kazi ya jua inaufunika.

Leo ku Yangambi, mu Tshopo, kuna mnara wa mita 55 unaotoka juu ya pori, unapima gazi karboniki inayoingia na inayotoka. Vyombo vyake vinaona tofauti tu. Kuigawa ni kazi ya watu wa hesabu, na tunaona ni kama fishi ya malipo. Kaboni yote majani yanakamata, hiyo ndiyo brut. Toa ile mti wenyewe unapumua, ku majani, ku shina na ku mizizi: inabaki net ya mti. Toa tena ile vijidudu na uyoga wanapumua wakiozesha majani makavu: ndiyo inabaki mu pori, kama moto na shoka havikupita.

Sasa, ukiandika upumuaji wa udongo, umetia mizizi pia ndani, na mizizi ni ya mti. Mwenye kuandika neno hilo bila kulieleza anaweza kukata mizizi mara mbili, na pori inaonekana maskini kuliko ilivyo. Zamani sisi tulikosa prime ya usiku mwaka muzima, juu mkataba haukusema usiku unaanza saa ngapi. Tangu pale hatucheki watu wanaobishana juu ya neno moja. Na mapori ya Kongo, kuna wanaotaka kuyalipia kwa tani ya kaboni.

Ingenhousz mwenyewe alirudilia hesabu yake. Mu 1796 aliandika kama mmea unapata kaboni yake mu gazi ya hewa. Wakati ule alikuwa Uingereza, mbali na bibi yake Agatha aliyebaki Vienna. Vita ya Ulaya ilifunga njia. Alikufa ku Bowood tarehe 7 Septemba 1799, bila kurudi.