Mama Kevina: Mwalimu Aliyeitwa Mama Pande Zote za Ziwa



Wapendwa wanakwaya, wazazi na wageni wetu wa jubilei, kurasa nyingine za kijitabu hiki zinawakumbuka waliotutangulia katika kwaya. Ukurasa huu tumemwachia mwanamke wa ng'ambo ya ziwa, aliyefariki kabla wengi wetu hatujazaliwa. Karibu kila mmoja wetu alifundishwa kusoma, na mara nyingi kuimba pia, na mwalimu wa kike ambaye kijiji kizima kilimwita mama. Kwa Wakatoliki wa pande hizi, sidhani kuna mwalimu wa namna hiyo aliyejulikana kuliko Mama Kevina.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na Arklow, katika Wicklow, nchini Ireland, na jina lake la ubatizo lilikuwa Teresa Kearney. Baba yake alifariki miezi mitatu kabla hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, naye akafariki Teresa akiwa na miaka 10. Nyanya, au dani kama tunavyosema hapa, ndiye aliyemlea na kumfundisha kusali. Alipofika miaka 14 alipelekwa kwa masista wa Rathdrum ili aandaliwe kuwa mwalimu, lakini miaka mitatu baadaye dani naye akaaga dunia, na karo ya chuo haikupatikana. Teresa akaanza kufundisha bila kusomea ualimu. Wale tuliozoea kuwaita UT, yeye alikuwa mmoja wao, na katika shule nyingi za huku tunajua ni kazi gani walimu hao wamefanya.

Mwaka 1895 alijiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London, na mwaka 1898 akaweka nadhiri, akaitwa Sista Mary Kevin. Aliomba atumwe Marekani kuwahudumia watu weusi. Wakubwa wake walikuwa wamepata barua nyingine: Askofu Henry Hanlon wa Upper Nile alitaka masista, kwa sababu mapadre wake hawakuweza kuwafikia akina mama. Masista sita waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902, wakafika Nsambya, Kampala, tarehe 15 Januari 1903. Teresa wa zamani alikuwa na miaka 27.

Hapa inafaa tukumbushane jambo ambalo vijana wetu huenda hawalijui. Hadi Aprili 1902, nchi yetu hii ya Nyanza ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Serikali ilipohamisha mpaka, Kanisa halikuhamisha wake: tulibaki chini ya Askofu yule yule wa Upper Nile hadi mwaka 1925, Kavirondo ilipopewa uongozi wake wenyewe. Kwa hiyo masista wale sita waliletwa na askofu wa babu zetu, ingawa walishukia upande ule wa ziwa.

Walikuta malale. Kwa msomaji wa Lambwe sihitaji kueleza mbung'o ni nini. Wazee wetu wanakumbuka bonde hili lilivyoogopwa, jinsi ng'ombe walivyokonda na watu walivyolala wasiamke, na jinsi sehemu kubwa ya ardhi ilivyobaki vichaka vya wanyama, ile ambayo leo ni Mbuga ya Ruma. Lakini yale ya kando ya ziwa huko Buganda na Busoga mwanzoni mwa karne iliyopita yalikuwa makubwa zaidi: zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache, na serikali ikawaondoa waliobaki kutoka ufuoni. Masista hawakuwa na dawa ya kutosha, wala hospitali. Walianza chini ya mwembe pale Nsambya, wakiosha vidonda na kuwapokea wagonjwa waliobebwa kutoka mbali, na papo hapo wakiwafundisha watoto.

Mwaka 1910 Sista Kevin akawa mkubwa wao. Vita vya 1914 vilipokuja, Nsambya ilipokea wapagazi wa jeshi, wale wa Kariakor. Ni familia chache za Nyanza ambazo hazikutoa mwanamume kwenda kubeba mizigo ya vita ile, na wengi hawakurudi. Wapagazi walifika hospitalini wakiwa mifupa mitupu, na Sista Kevin alikasirika waziwazi kuona walivyotendewa na wale waliowachukua. Serikali hiyo hiyo ilimpa nishani ya MBE mwaka 1918. Aliipokea, kisha akarudi wodini.

Jambo lililomsumbua kuliko yote lilikuwa vifo vya akina mama wakati wa kujifungua. Kwa kanuni za Kanisa za siku hizo, sista hakuruhusiwa kufanya kazi ya ukunga. Fikiria basi: mama analetwa na uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya, na mbele yake amesimama mwanamke mwenye mikono na moyo, lakini nadhiri zake zinamzuia. Mama Kevina hakuvunja kanuni, ila alitafuta njia. Pamoja na Dokta Evelyn Connolly, daktari mlei aliyekuja kuwasaidia, alianzisha pale Nsambya shule ya wauguzi na wakunga kwa wasichana wa Kiafrika. Walio nje ya nadhiri wangefanya ambalo masista walikatazwa. Wakati huohuo yeye na wengine waliendelea kuomba Roma ifikirie upya, na mwaka 1936 Roma ikatoa maagizo yaliyowaruhusu masista kusomea uganga na ukunga. Mimi nikimfikiria mtakatifu, huwa nafikiria mtu wa namna hii, anayeweza kutii kwa miaka mingi bila kuacha kuomba.

Watu wa Uganda walikuwa wameshaligeuza jina lake kuwa Mama Kevina. Mwaka 1923, huko Nkokonjeru, alikusanya wasichana wanane Waafrika, akaanzisha nao shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, wa kufundisha na kuuguza. Wapo waliosema wasichana wa hapa hawataweza maisha ya utawa. Shirika hilo leo liko Uganda, Kenya na Tanzania, na baadhi ya wasomaji wa kijitabu hiki wamefundishwa nalo au wametibiwa nalo.

Kazi nyingine nazitaja kwa haraka maana ni nyingi. Aliwajengea wagonjwa wa ukoma makao huko Nyenga mwaka 1932 na Buluba mwaka 1934, mahali pawili palipo karibu na ziwa. Mwaka 1942 alianzisha shule ya wasichana ya Namagunga, wakati ambapo wazazi wengi walimwona binti aliyesoma kuwa hasara ya mahari. Miongoni mwa waliosoma pale ni Dokta Specioza Kazibwe, mwanamke wa kwanza kuwa Makamu wa Rais wa Uganda. Mwaka 1952 masista wake wa kazi za Afrika wakawa shirika linalojitegemea, Mama Kevina akawa mkuu wao wa kwanza, akiwa na miaka 77. Katika umri huo wengi wetu tunatafuta kivuli na kiti.

Mwaka 1955 alistaafu uongozi, na kustaafu kwenyewe kukawa kutumwa Boston, Marekani, kutafuta fedha za misioni. Huko ndiko alikofariki tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na miaka 82. Mwili wake ulipelekwa Ireland, akazikwa Dundalk, kwenye nyumba kuu ya masista wake.

Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Sisi Waluo tunaelewa jambo hili bila maelezo: mtu huzikwa kwao, na tunaweza kukusanya michango mwezi mzima ili kumrudisha mtu nyumbani. Kwa maoni yao, kwao kwa Mama Kevina hakukuwa Arklow. Waliomba, wakasisitiza, hadi kaburi likafunguliwa na mwili ukasafirishwa kwa ndege. Desemba 1957, miaka 55 tangu alipoondoka London, alizikwa Nkokonjeru, katikati ya mabinti wa shirika lile aliloanza na wasichana wanane. Mwaka 2016 Kanisa likafungua rasmi kesi ya kumtangaza mwenye heri, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kaburi lake liko pale pale, na mahujaji wa upande wetu wanaovuka kwenda Namugongo kila Juni wanaweza kufika huko kwa safari fupi ya gari kutoka Kampala.