Fumo Liyongo: Mwili wake na Tabia yake

Safari hii tunamtazama Fumo Liyongo, shujaa na mtunzi wa mashairi wa zamani sana katika pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa mto Tana na Pate. Wasomi wanabishana juu ya karne aliyoishi. Hata hivyo habari zake hazikupotea: Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu wa Zanzibar mwaka 1874, alizichapa mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akazitungia utenzi mwaka 1913. Huo utenzi ndio tunaoufuata.

Mapema kabisa tunaonyeshwa mwili wa Liyongo. Alikuwa mrefu, mpana, mwenye haiba, na watu walitoka mbali kuja kumtazama. Sisi tuliofundisha tulizoea kuwaambia wanafunzi waandike sura ya mhusika kwanza, halafu tabia yake, kana kwamba ni vitu viwili. Mtunzi huyu havitenganishi. Mkobani mwa Liyongo mlikuwa na kinu na mchi, chungu na mafiga. Msomaji wa haraka atacheka tu. Lakini mtu anayebeba jiko lake zima begani hana haja ya kumtegemea mwenzake, na mtu wa namna hiyo humkosesha mfalme usingizi. Wagala walipomwona walitaka mbegu yake, wakamwoza binti wa mfalme wao. Nduguye Daudi Mringwari, Sultani wa Pate, alipomwona alitaka afe. (Nasi wa Tunduma, tunaopokea wageni mpakani kila siku, twajua kumpima mtu kwa macho kabla hajatoa salamu!)

Basi wakapangwa watu wa msituni wale makoma pamoja naye, matunda ya mti wa jamii ya mnazi. Kila mtu apande kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Liyongo hakupanda. Alisimama chini akayaangusha makoma kwa mishale yake. Tungetazamia jitu kutumia nguvu, kumbe lilitumia akili. Hata alipofungwa minyororo gerezani alitunga shairi, mjakazi Saada akalipeleka kwa mama yake, naye mama akaoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi, waliozoea kumnyang'anya vyakula vizuri, wakauacha. Watu wakapiga ngoma ya gungu nje, yeye ndani akakata vyuma.

Mwili huo haukuingiwa na silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa maoni yetu mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo: kitovu ni alama ya mtu kufungamana na mama yake, na Liyongo aliuawa kwa njia ya jamaa. Mwanawe aliahidiwa uwaziri na binti wa Sultani, akamwuliza baba siri yake, kama Delila alivyomwuliza Samsoni, akaambiwa. Akamchoma usingizini.

Liyongo aliamka, akachukua upinde, akaenda hadi kisimani, akapiga goti, mshale umewekwa tayari. Akafa hivyo hivyo. Mji ukakosa maji siku kadhaa, kwa maana hakuna aliyethubutu kusogea mbele ya maiti. Mama yake aliletwa amwimbie apate kutulia, naye akaimba, akidhani mwanawe amekasirika tu. Mwili ulipoanguka ndipo walipokaribia, wakaiona sindano.