Mtwa Mkwawa wa Uhehe

Kila siku magari hupita hapa Ipogolo kwenda Lugalo na mbele, nasi wanafunzi hatukumbuki kilichotokea huko. Basi, nitawaeleza wasomaji kwa kifupi.

Mkwawa alikuwa mwana wa Munyigumba, aliyewaunganisha Wahehe. Makao yake yalikuwa Kalenga. Tarehe 17 Agosti, 1891, jeshi la Wajerumani likiongozwa na Zelewski lilipita Lugalo. Wahehe waliojificha vichakani wakalirukia kwa mikuki, hata mizinga haikufaa kitu. Zelewski akauawa pamoja na askari wengi.

Wajerumani hawakusahau. Mwezi wa Oktoba, 1894, waliliteka boma la Kalenga. Mkwawa akaponyoka, akapigana nao porini karibu miaka minne. Mpangile, nduguye, ambaye Wajerumani wenyewe walimtawaza, alinyongwa mwaka 1897 akishukiwa kumsaidia. Ikatangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Vijiji vikachomwa moto, lakini raia waliendelea kumpelekea chakula kwa siri.

Tarehe 19 Julai, 1898, maadui walipomkaribia huko Mlambalasi, alijipiga risasi asikamatwe hai. Kichwa chake kilikatwa. Mwaka 1954 fuvu lilirudishwa kutoka Ujerumani, nalo limewekwa Kalenga.

Wengi humsifu kwa Lugalo. Mimi nawakumbuka pia wale raia. Mshindi hakosi marafiki. Wao walimlisha aliyeshindwa, hali ghala zao zilikuwa majivu.