Paul Drude, aliyetafuta siri ya umeme ndani ya shaba

Lubumbashi na Kolwezi kila mtu anajua shaba: ukiigonga inanyooka, haivunjike, ukiivuta inakuwa waya, na umeme unapita ndani. Lakini unapita namna gani? Mjerumani Paul Drude alitoa jibu lake mwaka 1900.

Drude alizaliwa Braunschweig tarehe 12 Julai 1863. Alisomea Göttingen, akafundisha Leipzig na Giessen, na mwaka 1905 akaitwa Berlin kuongoza taasisi ya fizikia. Alisimamia pia jarida la Annalen der Physik, ambalo mwaka ule ule lilichapisha makala makubwa ya Albert Einstein.

Elektroni ilikuwa imegunduliwa mwaka 1897 tu. Drude alisema ndani ya metali kuna elektroni ambazo hazifungwe na atomu moja. Zinazunguka huku na huku, sawa hewa ndani ya nyumba. Umeme ukizisukuma, zote zinasonga upande mmoja. Zikigonga atomu njiani, waya unapata moto.

Hesabu yake ilikuwa na kasoro, na Arnold Sommerfeld aliirekebisha miaka ya 1920. Ikaeleweka pia kwamba hizo elektroni za wote ndizo zinashikanisha atomu. Ndiyo maana shaba inavumilia nyundo.

Drude hakuyaona hayo. Tarehe 5 Julai 1906, siku saba mbele ya kutimiza miaka 43, alijitoa uhai, akaacha mke na watoto. Wazo lake lingali linafundishwa hadi leo.